Baba amefilisika: cherehani ya mama ni ya nani?

Tuchukue nyumba moja ya kupanga, Nairobi, yenye watu saba. Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Duka limefungwa na madeni yamebaki. Mama ni fundi wa kushona, na cherehani yake ya umeme iko pembeni mwa sebule. Bibi mzaa baba alipohamia kutoka Kakamega alikuja na friji yake na kitanda chake. Shemeji, mdogo wake mama, ana televisheni aliyoinunua kwa mshahara wake. Watoto watatu wana vitabu, baiskeli na kompyuta moja ya shule. Sasa mahakama imetoa amri: baba amefilisika. Jikoni jioni hiyo swali ni moja tu, watakuja kubeba nini?

Anayefilisika ni mtu. Nyumba haifilisiki, ndoa haifilisiki, ukoo haufilisiki. Mali ya baba inagawiwa wadai wake. Ya mama, bibi, shemeji na watoto inabaki kwa wenyewe hata kama vyote vimekaa chini ya paa moja. Kuisema kanuni hiyo ni rahisi. Ugumu unaanza kwa sababu vitu vya nyumbani havina majina: hakuna anayeandika jina lake kwenye sofa, na risiti ya sufuria ilitupwa siku ileile iliponunuliwa. Nitaeleza kwa sheria ya Kenya, kisha nivuke hadi Tanzania Bara pale sheria zinapoachana njia, maana zinaachana mahali panapomgusa sana mke.

Nani amekuja mlangoni

Kabla ya kuuliza kitabebwa nini, familia ijue kwanza ni nani aliyebisha hodi. Wako wa aina tatu, na kila mmoja ana mpaka wake.

Wa kwanza ni mfilisi, yule anayekabidhiwa mali ya aliyefilisika ili aiuze na kuwagawia wadai wote. Kenya anafanya kazi chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliyofuta ile ya enzi za ukoloni, na upo pia upande wa serikali unaosimamia kazi hiyo kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara. Tanzania bado inatumia Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ambayo mfano wake ni sheria ya Uingereza ya 1914, na shughuli zenyewe ziko kwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mfilisi haanzi na lori. Anaanza na makaratasi: aliyefilisika anatakiwa kueleza kila anachomiliki na kila anachodaiwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Mke naye anaweza kuitwa aulizwe anachojua kuhusu mali za mumewe.

Wa pili ni dalali wa mahakama. Huyu anakuja kwa niaba ya mdai mmoja aliyeshinda kesi na anayetaka hukumu yake ikazwe, yaani itekelezwe. Hapa hakuna ufilisi wowote, ingawa majirani watasema upo. Familia nyingi hukutana na huyu kabla hazijamsikia mfilisi.

Wa tatu ni aliyekopesha kwa dhamana: benki yenye rehani ya nyumba, kampuni ya mikopo inayoshikilia logbook ya gari, kikundi kilichoandikiwa orodha ya kitanda, televisheni na sofa kabla ya kutoa pesa. Haki yake inatoka kwenye mkataba, na kufilisika kwa mkopaji hakuifuti. Gari lililowekwa dhamana linaendelea kuwa dhamana.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kwa vitu vya ndani, amri ya ufilisi inaweza kuwa kinga nzuri kuliko kukaa kimya. Amri ikishatoka, wadai wa kawaida wanasimamishwa. Hawawezi tena kumtuma dalali huyu leo na yule kesho. Wanapeleka madai yao kwa mfilisi na kusubiri mgawo. Na kwa mtu mwenye madeni madogo asiye na mali ya kuuzwa, sheria ya Kenya ina njia fupi ya kusamehewa madeni bila kupita kwenye ufilisi kamili: madeni yasipungue shilingi 100,000 wala kuzidi 400,000, na kwa kawaida mtu huachiwa baada ya miezi 12. Katika ufilisi kamili, asiyepingwa huachiwa baada ya miaka mitatu tangu alipowasilisha taarifa yake ya mali na madeni. Naona ni hasara kubwa kwamba njia hizi hazijulikani, na watu wanaendelea kuuza mabati ya nyumba ya mama zao ili kulipa riba.

Kinachobaki hata kama ni cha baba

Tuanze na vitu vya baba mwenyewe, kwa kuwa hata hivyo havichukuliwi vyote. Sheria ya Kenya inamwachia aliyefilisika zana za kazi yake, pamoja na vitu vya ndani ambavyo yeye na familia yake wanavihitaji kwa maisha ya kawaida: vitanda, nguo, vyombo vya kupikia. Hakuna mfilisi mwenye akili timamu anayehangaika na masufuria. Kuyabeba, kuyahifadhi na kuyatangaza kungekula pesa nyingi kuliko yatakazoleta. Anachotafuta ni gari, kiwanja, hisa, akiba, bidhaa zilizobaki dukani. Televisheni kubwa ya bei mbaya inaweza kumvutia. Ya kawaida, iliyochoka, huachwa.

Sura ya 25 ya Tanzania ni bahili zaidi. Nayo inaacha zana za kazi, nguo na matandiko ya lazima ya aliyefilisika, mkewe na watoto wake, lakini kwa kiwango cha thamani kilichowekewa ukomo.

Dalali wa mahakama naye ana orodha ya asivyoruhusiwa kugusa. Kenya iko kwenye kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai. Tanzania iko kwenye Sura ya 33, sheria yake ya mwenendo wa madai. Zote mbili zinataja nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, na pia mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kutengana nayo. Maneno hayo ya mapambo yalitoka kwenye kanuni ya mwenendo wa madai ya India ya 1908, ambayo sheria zetu zilirithi karibu neno kwa neno. Zana za fundi nazo zimo kwenye kinga. Kwa hiyo hata kama ile cherehani ingekuwa ya baba na baba ndiye fundi, dalali angekuwa na kazi ngumu kueleza kwa nini ameibeba.

Cherehani, friji, televisheni

Sasa vitu vya wengine, kimoja baada ya kingine.

Cherehani ni ya mama. Aliinunua kwa pesa zake, anaitumia kwa kazi yake, na wateja wake wote wanamjua yeye. Haimo katika ufilisi wa mumewe. Mfilisi akiuliza, mama anaonyesha malipo: ujumbe wa M-Pesa kwa muuza mashine, au taarifa ya mwaka ule kutoka kwenye laini yake ya simu. Watu huitumia M-Pesa kila siku bila kukumbuka kwamba inawawekea daftari la miaka. Risiti ya dukani huthibitisha kwamba kitu kilinunuliwa. Malipo ya simu huthibitisha pia kilinunuliwa na nani. Anayenunua kitu cha thamani na aombe jina lake liandikwe kwenye risiti. Wauzaji wengi hawaandiki mpaka waombwe.

Tatizo la mama lingekuwepo kama cherehani ingekaa dukani kwa baba. Chini ya sheria ya mtindo wa 1914 kama ya Tanzania, kitu kilichowekwa kwenye biashara ya aliyefilisika kwa ridhaa ya mwenyewe, kikaachwa kionekane kwa watu kuwa ni cha mfanyabiashara huyo, kinaweza kuhesabiwa kuwa chake. Hoja nyuma yake ni kwamba wadai walimkopesha wakiamini vile vitu vilivyojaa dukani ni mali yake. Mama anayempa mumewe friza akaweke soda dukani anaingia kwenye hatari hiyo bila kujua. Karatasi iliyoandikwa mapema, kwamba friza ni ya fulani na imeazimwa, ingemsaidia kuonyesha ukweli. Ukarimu wa kimyakimya haumsaidii.

Friji ya bibi ndiyo inayonitia huruma, kwa sababu bibi hana karatasi. Aliinunua zamani, labda kwa pesa alizotumiwa na watoto wake tofauti. Lakini ushahidi si karatasi peke yake. Picha ya Krismasi inayoonyesha friji hiyo ikiwa jikoni Kakamega ni ushahidi. Jirani wa kule anayeijua ni shahidi. Malipo ya gari lililoihamisha ni ushahidi. Watoto wote wa bibi wanaweza kula kiapo kwamba wao ndio waliochanga, na wakisema hivyo mapema, kwa maandishi, kabla dalali hajafika, maneno yao yana uzito kuliko yakisemwa mnadani.

Televisheni ya shemeji ni ya shemeji. Kulala kwa dada hakumfanyi mtu achangie madeni ya shemeji yake. Hapa, ajabu, watu hupoteza kwa aibu: kijana anaona vibaya kusema "hiki ni changu" wakati nyumba nzima inalia. Dada mtu amwambie waziwazi aseme, kwa kuwa akinyamaza televisheni yake inalipa sementi ambayo hakuiona.

Baiskeli baba alizowapa watoto ni za watoto, alimradi zawadi ilikabidhiwa kweli na zamani, wakati baba hajaelemewa na madeni. Kompyuta ni swali gumu kidogo. Kama baba aliinunua itumiwe na nyumba nzima, ni ya baba, na itabidi ijitetee kama kitu ambacho familia inakihitaji. Kama ni shangazi aliyemletea mtoto mmoja kwa ajili ya shule, ni ya mtoto.

Ipo na mali ambayo si ya yeyote nyumbani humo. Sofa iliyochukuliwa kwa lipa polepole, ikiwa mkataba unasema muuzaji ndiye mwenyewe mpaka awamu ya mwisho ilipwe, bado ni ya muuzaji. Mfilisi haiuzi kulipa wadai wengine, na familia nayo haiwezi kukaa nayo bila kumalizia malipo.

Zawadi za harusi huleta ugomvi ambao ungeepukika. Vyombo alivyopewa bibi harusi kwenye kicheni pati, kabla ya ndoa, ni vyake, kuolewa hakukuvihamisha. Ndoo, majiko na seti za vikombe ni vya mke hata kama mume ndiye aliyelipa gari la kuvibeba. Dhahabu ya mahari vilevile ni ya mke. Kwa Waislamu wa Kenya hili lina mlango wake: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamruhusu Muislamu atawaliwe na sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa, na katika sheria hiyo mali ya mke ni ya mke, mume hana fungu ndani yake. Na mkufu ambao mume alimpa mkewe baada ya ndoa? Kenya na Tanzania zinakubaliana hapa. Mwanandoa akimpa mwenzake kitu, sheria inaanza kwa kudhani kimekuwa cha aliyepewa moja kwa moja, na anayebisha ndiye athibitishe.

Jina la mmoja, jasho la wawili

Mambo yanakuwa mazito tukifika kwenye vitu vilivyonunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja. Gari limeandikwa jina la baba, lakini nusu ya pesa ilitoka kwenye mauzo ya nguo za mama. Mfilisi anaona jina la baba tu.

Kenya, sheria ya 2013 inamsimamia mama hapa. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kwamba anaishikilia kwa amana ya mwenzake, yaani kwa niaba na kwa faida ya mwenzake. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, lakini ndipo maongezi yanapoanzia. Mali inayoshikiliwa kwa amana ya mtu mwingine, kwa kiasi cha haki ya mtu huyo, haiingii kwenye fungu la wadai. Kwa hiyo mama anadai sehemu yake kulingana na mchango wake, na sheria inahesabu mchango kwa upana: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba. Asijiahidi nusu, hata hivyo. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua tarehe 27 Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu. Kila mmoja anapata kwa kadiri alivyochangia. Shauri lile lilikuwa la talaka, lakini kipimo cha mchango ndicho mama atakachokutana nacho akidai sehemu yake.

Ukivuka Namanga, dhana inageuka. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya yeyote kati ya wanandoa, na kifungu chake cha 60 kinadhani mali iliyonunuliwa kwa jina la mmoja ni ya huyo peke yake. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, hudhaniwa ni sawa kwa sawa. Kwa mke mwenye mali kwa jina lake, hii ni ngome: wadai wa mume hawana pa kuishikia. Kwa mke ambaye pesa zake ziliingia kwenye mali yenye jina la mume, ni ukuta anaopaswa kuuparamia. Dhana inavunjika, lakini anayeivunja ni yeye, kwa ushahidi wake.

Wanawake wengi wa Tanzania hujitegemeza kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambapo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Ilikuwa hukumu kubwa, na inastahili heshima yote inayopewa. Ila ilihusu mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika. Mke anayeishi na mumewe, anayepambana na wadai, hayuko kwenye mgawanyo wa talaka. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba mali fulani, leo hii, ni yake au ana sehemu ndani yake. Wapo wanaofika mahakamani wakisema "nimeishi naye miaka yote hii" pale walipopaswa kusema "hiki nililipia mimi, na malipo ni haya."

Gari lina kanuni yake. Kenya, Sheria ya Trafiki inamchukulia mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Hiyo inakata pande zote: gari lenye jina la mama linaanza likiwa la mama, lakini mfilisi akionyesha kwamba baba ndiye aliyelipa kila shilingi, na jina la mama liliwekwa ili wadai wasilione, jina halitamsaidia.

Nyumba yenyewe

Familia yetu imepanga, kwa hiyo nyumba ni ya mwenye nyumba na mfilisi hana la kuuza. Ingekuwa yao, kwa majina mawili, inayokwenda kwa mfilisi ni sehemu ya baba tu. Mama anabaki na yake. Kwa kuwa nyumba haikatwi kwa msumeno, mara nyingi mwisho huwa mmoja kati ya miwili: mama au ndugu wananunua sehemu ya baba kwa bei ya haki, au nyumba inauzwa na mama anapewa chake kwanza. Njia ya kwanza ni nafuu kwa wote, na mfilisi huikubali kwa kuwa inamletea fedha bila mnada. Ndugu wanaotaka kusaidia, hapo ndipo pesa yao inafanya kazi kubwa zaidi.

Tanzania imekwenda mbali kuliko wengi wanavyojua. Katika kukaza hukumu, Sura ya 33 inakinga nyumba ya kuishi, au sehemu ya nyumba, ambayo mdaiwa anaishi pamoja na mkewe na watoto wanaomtegemea. Dalali mwenye hukumu ya deni la kawaida hapaswi kuikamata. Kinga hiyo haimzuii aliyepewa rehani, kwa sababu yeye hategemei kukamata bali haki aliyopewa na mwenye nyumba mwenyewe.

Ndiyo maana sahihi ya mke kwenye rehani ni jambo la kufa na kupona. Nchi zote mbili zinahitaji ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Mke anayeletewa fomu jioni, akaambiwa "ni utaratibu tu wa benki, tia sahihi hapa," anaombwa kuachia kinga yake kubwa kuliko zote. Ana haki ya kuisoma, kuuliza deni ni kiasi gani, na kukataa.

Kuhamisha mali

Wazo la kwanza la watu wengi madeni yanapobisha hodi ni kuandika kila kitu kwa jina la mke, au kulipeleka gari kwa kaka. Nawaelewa. Ni woga wa mtu anayetaka watoto wake wasilale chini. Lakini sheria ya ufilisi inaangalia nyuma, miaka, na zawadi au mauzo ya bei ya kutupa yaliyofanywa wakati mtu hawezi kulipa madeni yake yanaweza kubatilishwa. Mali inarudi kwa mfilisi, na aliyeipokea anaingia kwenye kesi asiyoianzisha.

Madhara hayaishii hapo. Mama ambaye cherehani yake ni halali kabisa, akiwa pia amepokea gari wiki mbili kabla ya amri, anapunguza uzito wa maneno yake yote. Hakimu aliyeona ujanja kwenye gari ataitilia shaka na cherehani. Vitu vya kweli vya mke hulindwa zaidi na ukweli kuhusu vitu vya mume.

Siku saba

Turudi kwa dalali, kwa kuwa saa yake inakwenda mbio kuliko ya mfilisi. Kenya, kanuni za madalali za 1997 zinamtaka aandike orodha ya vitu anavyokusudia kuchukua, hali yake na thamani yake, kisha atoe notisi ya siku saba kabla ya kuvibeba. Orodha hiyo hutiwa sahihi na mwenye mali au mtu mzima anayeishi au kufanya kazi hapo. Akishabeba, lazima atangaze, na mnada usifanyike kabla ya siku saba tangu tangazo la kwanza.

Siku hizo saba ndizo za kufanyia kazi. Yule anayepokea orodha, hata kama ni dada wa kazi, asitie sahihi chini ya maneno yanayosema vitu vyote ni vya mdaiwa. Aandike pembeni: friji ni ya fulani, televisheni ni ya fulani. Kisha wenye vitu hivyo, kila mmoja kwa jina lake, wapeleke pingamizi mahakamani. Kenya linaletwa chini ya Amri ya 22, kanuni ya 51, ya Kanuni za Mwenendo wa Madai, pamoja na kiapo kinachoeleza umiliki, na linaweza kuletwa wakati wowote kabla fedha za mnada hazijalipwa kwa mdai. Tanzania ni Amri ya 21, kanuni ya 57, ya Sura ya 33, na mwombaji anapaswa kuonyesha kwamba siku mali ilipokamatwa alikuwa na haki juu yake au aliishikilia. Akichelewesha kwa makusudi, mahakama inaweza kukataa kumsikiliza.

Baba asiwe ndiye anayepeleka pingamizi la friji ya bibi. Friji si yake, na mahakama itashangaa kwa nini anaitetea. Bibi mwenyewe ndiye aombe, hata ikibidi asomewe kiapo kwa Kiluhya na kuweka dole gumba.

Kwa mfilisi hakuna haraka ya namna hiyo. Mwenye kitu anaandika barua, anaambatisha ushahidi, na mfilisi asiporidhika suala linakwenda mahakamani.

Aliyetia sahihi

Yote niliyoeleza yanamhusu mtu ambaye hakuwa na mkono kwenye deni. Mambo hugeuka kabisa kwa aliyetia sahihi. Mke aliyekopa pamoja na mumewe anadaiwa deni zima, si nusu, na mdhamini vivyo hivyo. Baba akiachiwa baada ya miaka mitatu, msamaha huo ni wake peke yake; benki inaweza kumgeukia mama siku inayofuata. Cherehani ambayo haikuguswa katika ufilisi wa mume inaweza basi kukamatwa kwa deni la mama mwenyewe, na hapo atategemea kinga ya zana za kazi. Kama mama alidhamini, aende kwa mkopeshaji mapema, mume angali kwenye ufilisi, apange malipo yanayobebeka au aulize kama naye anahitaji ulinzi wa sheria ileile.

Na ndugu wanaotaka kumnyanyua baba wachague wakati. Kiwanja atakachopewa na wajomba, au urithi utakaomfikia kabla hajaachiwa, unaweza kuchukuliwa na mfilisi na kugawiwa wadai. Anayetaka kusaidia nyumba hiyo katika miaka hiyo alipe karo moja kwa moja kwa shule, na kodi kwa mwenye nyumba, au amnunulie mama vitambaa, kwa jina la mama, na risiti itunzwe.